Mwizi wa nyaya kafia kwenye transfoma yetu, watu wanashangilia. Na mimi nishangilie?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama nauza samaki na barafu, mtaa wetu uko nje kidogo ya Dar. Wiki iliyopita wezi walipanda kwenye transfoma yetu usiku, wakanyonya mafuta na kukata nyaya, mmoja akanaswa akafia palepale. Asubuhi watu wamejaa, wanapiga picha, wanacheka, wengine wanasema Mungu hachelewi. Mwenzake alikutwa vichakani, kidogo tu wamchome, mgambo wakamuwahi. Samaki wangu wa laki tatu wameoza wote na sijui umeme unarudi lini kwahiyo huruma sina sana, ila sura ya yule kijana hainitoki. Mume wangu anasema sheria ingekuwa inanyonga hawa watu wizi ungeisha. Ni kweli? Alafu kuna waya umebaki unaning'inia karibu na njia ya watoto wa shule, watu wanasema hauna umeme kwasababu transfoma imekufa.

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, laki tatu sio hela ya kuokota. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, mi naanza na la mwisho kwasababu hilo haliwezi kungoja.

Huo waya msiuguse na watoto wasipite hapo, leo hii, hata kama itabidi wazungukie mbali. Hayo maneno ya "transfoma imekufa hamna umeme" nimeyasikia kwenye misiba mingi mno. Transfoma ina pande mbili, juu inaingia laini kubwa, volti 11,000 au 33,000 kutegemea eneo, chini ndo unatoka wa majumbani, 230, au 400 ukipima fezi kwa fezi. Transfoma ikifa maana yake upande wa chini haupati kitu, lakini laini ya juu inaweza kuwa hai kabisa mpaka kwenye zile fyuzi za juu ya nguzo, sasa wewe unayepita chini utajuaje huo uliokatwa ni wa upande gani?

Na tuseme ni wa chini, wa majumbani. Hapo mtaani kuna jenereta ngapi? Wiki nzima hamna umeme lazima kuna baa au saluni imewasha jenereta, na wengi hawana chenjiova (ile swichi ya kuchagua umeme wa shirika au wa jenereta), mtu anachomeka tu kwenye soketi ya ukutani umeme uingie nyumba nzima. Ule umeme haukai kwake. Asipozima meni swichi unatoka nje kupitia mita, unaingia kwenye laini ya mtaa, unafika kwenye transfoma ukitokea chini, na transfoma haijui hii ni ya shirika au ni ya baa, inaweza kuupandisha mpaka maelfu ya volti kule juu ambako kila mtu anaamini kumezimwa. Sisi watu wa laini ndo maana tukishazima bado tunapima, alafu tunafunga nyaya zote pamoja na kuzishusha ardhini kabla mtu hajaweka mkono. Kijana niliyefanya naye kazi zamani aliruka hiyo hatua moja, haraka za jioni, na kilomita moja kutoka pale mtu alikuwa amewasha jenereta aangalie mpira. Vidole vitatu viliondoka, na tulihesabu ni bahati.

Kwahiyo weka mtu alinde, weka matawi au kamba mbali, kama mita kumi hivi kila upande, piga simu namba ya dharura ya shirika la umeme na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa apige pia kwasababu simu zikiwa nyingi wanakuja haraka, huo ndo ukweli. Msisogeze waya kwa mti, mti ukiwa na unyevu unapitisha. Gambuti za mvua sio kinga. Na watu wengi hawajui hili, waya wa laini kubwa ukiwa chini sio lazima uuguse ndo ikudhuru, umeme unasambaa ardhini kama mawimbi ukitupa jiwe kwenye maji, karibu na waya nguvu ni kubwa na inapungua kadri unavyoenda mbali, sasa ukipiga hatua ndefu mguu mmoja uko kwenye nguvu kubwa mwingine uko kwenye ndogo, basi unapita kwako, unapanda mguu huu unashukia huu. Ng'ombe wanakufa sana kwa hii kwasababu miguu ya mbele na ya nyuma imeachana mbali. Ikitokea mtu yuko karibu akahisi miguu inawashawasha, asikimbie, abane miguu pamoja aburuze kidogo kidogo mpaka atoke.

Tena usitegemee uone cheche. Kwenye mchanga mkavu waya unaweza kulala kimya kabisa na mitambo ya kinga isihisi chochote, maana umeme unaokwenda ardhini ni mdogo haufiki kiwango cha kukata laini. Mdogo kwa mtambo. Kwa mtu ni habari nyingine, balbu ya zamani ya wati 60 inakula kama miliampea 260, na miliampea 30 tu zikipita kifuani kwa muda zinaweza kukubana pumzi, ndo maana ile swichi ya kinga ya nyumbani imewekwa ikate hapo. Yani sehemu ndogo tu ya balbu inatosha kukuzika.

Haya, tuje kwa huyo kijana.

Mi nimeitwa kwenye matukio kama hayo mara kadhaa kwahiyo hiyo sura unayosema haikutoki naielewa. Kuna moja nakumbuka zaidi, alikuwa ameshashushwa, pale chini kwenye nguzo ilibaki kandambili moja ya bluu na plaizi ambayo mpini wake wa plastiki umeyeyuka ukaganda na alama za vidole vinne. Plaizi ya kawaida ya dukani, mpini wenyewe hata hauna maandishi ya volti. Mtu alipanda kwenye 33,000 na kitu cha kufungia waya wa senyenge. Watu walikuwa wanacheka hapo pia, na mama mmoja anauza vitumbua akawa anauliza "sasa tutapika na nini" maana mkaa ulishapanda. Ndo ilivyo, kicheko na njaa vinakaa pamoja, wala sikulaumu wewe kwa kukosa huruma, umeibiwa. Waliokatiwa umeme wa zahanati kwenye friji la chanjo wameibiwa. Aliyekuwa kwenye mashine ya oksijeni nyumbani kaibiwa kitu ambacho huwezi kukilipa.

Ila nikuambie kinachonikera. Ule umati wa asubuhi, wote wananchi wenye hasira kali kama magazeti yetu yanavyowaita, ukiwafuata nyumbani utashangaa. Nimewahi kwenda kubadilisha laini iliyoibiwa sehemu, mzee mmoja ndo kinara wa kutukana wezi, anataka walionaswa wakatwe mikono, tukaomba maji ya kunywa kwake, nikaangalia uani, kamba ya kuanikia nguo ni alumini ya laini, yenyewe kabisa, ile iliyosukwa na chuma katikati. Nikamuuliza mzee hii umeitoa wapi, akasema kuna kijana alipitisha anauza bei poa. Sikusema kitu, nikanywa maji. Na fundi anayekufungia nyumba kwa kopa, yani shaba, nene ambayo haina lebo wala haina roli, nusu ya bei ya dukani, unadhani kaitoa wapi? Na vishoka je, tunawaita wenyewe wakija wanaruka mita tunawapa soda, kesho anapanda nguzo ya mtaa mwingine na ujuzi uleule tuliomlipia. Mtu ambaye hajawahi kushika laini hapandi transfoma usiku. Wengi wanaoweza wamejifunza mahali, kibarua kwa mkandarasi, kishoka, hata mtu aliyefukuzwa kazi.

Na mafuta nayo yana wanunuzi wake. Transfoma za ukubwa wa mtaa zina lita mia na zaidi za mafuta yanayopoza na kutenganisha umeme ndani, ukiyanyonya koili zinapata moto zinaungua, ndo hicho mnachoita transfoma imekufa. Yanaenda kwenye mashine za kuchomelea, wengine wanachanganya kwenye dizeli, na Kenya iliwahi kuripotiwa kwamba yanauzwa kwa wakaanga chipsi kwasababu yanakaa muda mrefu hayaharibiki upesi. Sasa transfoma za miaka ya nyuma nyingine zina kemikali ya PCB ambayo dunia ilikubaliana kwenye mkataba wa Stockholm 2001 iondolewe, mitambo yenye hiyo kitu mwisho wa kutumika ukawekwa 2025, ni sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili na inahusishwa na saratani. Yani mwizi kafa kwa dakika moja, mla chipsi analipa taratibu wala hajui alinunua nini.

Sasa la mume wako, kunyonga. Mwambie shemeji namheshimu ila hilo tumeshalijaribu kwa namna nyingi.

Kwanza sheria yenyewe sio laini kama watu wanavyodhani. Kuharibu miundombinu ya umeme hapa kwetu mara nyingi wanakushtaki kwa uhujumu uchumi, ile sheria ya 1984, na tangu irekebishwe 2016 kifungo chake kinaanzia miaka 20 mpaka 30. Ishirini! Kuna wauaji bila kukusudia wanapata pungufu ya hapo. Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30, umeisha? Turudi nyuma zaidi, 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya adhabu za chini, wezi na wala rushwa wanakula viboko 24, kumi na mbili siku ya kuingia na kumi na mbili siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe kama Mwalimu alivyokuwa anapenda kusema. Wazee wanaikumbuka hiyo kwa kicheko mpaka leo lakini rushwa unaijua iko wapi. 1983 waziri mkuu Sokoine akawashukia wahujumu uchumi, watu wakatupa mali usiku wasikutwe nazo, ikatulia kidogo, ikarudi. Na kunyonga kwenyewe, adhabu ipo kwenye vitabu kwa mauaji ila mara ya mwisho kutekelezwa Tanzania ni katikati ya miaka ya tisini, Kenya ni 1987. Kenya walikuwa na kifo kwa unyang'anyi wa kutumia silaha miaka na miaka na Nairobi watu waliendelea kuporwa magari kwa bastola.

Sababu wala sio ngumu. Huyo kijana wako alishapanda kwenye adhabu ya kifo. Anajua kabisa umeme unaua, kila mtoto wa Kitanzania anajua ile alama ya fuvu kwenye nguzo, hata bila jaji wala rufaa, na bado kapanda. Kama kifo cha palepale hakikumzuia, kifo cha mahakamani baada ya miaka saba kitamzuiaje? Anachopiga hesabu yeye ni kimoja tu, nitakamatwa au sitakamatwa, na hesabu yake ni kwamba hatakamatwa, na kwa bahati mbaya mara nyingi yuko sahihi. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea miaka kwenye karatasi ni sawa na kuandika bei kubwa kwenye duka ambalo halina muuzaji.

Mi naona tunaangalia juu ya nguzo wakati kazi iko kwenye mzani wa mnunuzi wa chuma chakavu. Shaba haina faida yoyote kwa mwizi mpaka kuna mtu aipime. Mei 2024 shaba sokoni duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, piga hesabu hiyo ni dola kumi kwa kilo, teja wa kwenu anapewa kipande tu cha hiyo na mwenye mzani anakula kingine na mwenye kontena anakula kinono. Yule wa kwanza ndo anaungua, yule wa kwanza ndo anachomwa tairi, hawa wa nyuma wanakwenda Hija na kujenga ghorofa. Tunawinda dagaa na papa anatuuzia mishikaki.

Angalia Uingereza, reli zao zilikuwa zinaibiwa nyaya hadi treni zinasimama. Desemba 2012 wakapiga marufuku kulipa keshi kwa chuma chakavu, 2013 wakaweka sheria ya leseni kwa wafanyabiashara wake, muuzaji lazima ajulikane ni nani, malipo yapite benki. Wizi ukashuka kwa kiasi kikubwa, bei ya shaba nayo ilikuwa inashuka kipindi hicho sitakudanganya kwamba ni sheria peke yake, ila hawakunyonga mtu. Kenya wao tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere kwenda Embakasi ilidondoka, vyuma vyake vilikuwa vimefunguliwa vikaibiwa, nchi ikaingia gizani, wiki iliyofuata Rais Kenyatta akasimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Mwezi Mei wakafungua tena kwa masharti. Kufunga kabisa mi siafiki sana, kuna vijana maelfu wanaishi kwa kuokota makopo na vyuma vya halali, unawaadhibu wote, lakini angalau walikuwa wanaangalia mahali penyewe. Afrika Kusini wameandika adhabu mpaka miaka 30 kwa kuharibu miundombinu muhimu, imeanza 2016, na bado Novemba 2022 ikabidi wasimamishe kusafirisha chuma chakavu nje. Ile miaka 30 peke yake haikuwatosha.

Hapa kwetu anayenunua chuma chakavu anatakiwa awe na kibali cha NEMC, wale wasimamizi wa mazingira. Nenda kwenye mzani wa karibu na kwako uulize kibali, kwa upole tu, uone sura. Kama mtaa wenu una hasira kweli ya kufanya kitu basi mkutano wa serikali ya mtaa ujao ajenda iwe hiyo, mizani iko wapi, nani ananunua kopa iliyochomwa plastiki yake (kopa iliyochomwa ina weusi na harufu, huwezi kuikosa, moto unachomwa usiku mabondeni na moshi wake ni sumu), nani anasafirisha. Hapo ndo mgambo na ulinzi shirikishi wanakuwa na maana.

Na huyo wa vichakani, mgambo waliowahi wanastahili shukrani, sio ya mwizi tu, na ya wale waliotaka kumchoma. Umati ukimuua mtu ni mauaji ya kukusudia, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na kuna habari ya nia ya pamoja kifungu cha 23, hata wewe uliyeleta kiberiti tu na wewe uliyeshika miguu mnaingia wote. Zaidi ya sheria, huyo aliye hai ndo anajua mnunuzi ni nani. Akichomwa mnunuzi analala vizuri. Nimeona kesi tatu zinakufa hivyo, mtuhumiwa kauawa, polisi hawana pa kuanzia, miezi miwili baadae transfoma mpya nayo inaibiwa na timu nyingine, mzani uleule.

Kufurahi au kutofurahi hilo siwezi kukuamulia, sio fani yangu. Kama sura yake haikutoki, mimi ningekuwa wewe nisingejilazimisha kucheka. Zile picha za maiti ila waambie wazifute kwenye magrupu, ana mama yake mahali.

La mwisho ambalo hukuuliza ila litakugusa mfukoni. Wezi wa kwenye transfoma wanapenda kukata nyutro (waya wa kurudishia umeme) na waya wa ethi (unaokwenda ardhini) kwasababu mara nyingi ndo zenye shaba na wanadhani hazipigi. Shirika wakija kurudisha umeme usiku kwa haraka, nyutro ikiwa imelegea au imesahaulika, ule umeme wa nyumbani haukai 230 tena, nyumba moja inapata 100 na jirani anapata 350 mpaka karibu na 400, taa zinawaka kali kama za uwanjani alafu friji na tivi zinakufa kwa pamoja mtaa mzima. Kwahiyo kabla hawajawasha, chomoa friza lako la samaki ukutani, usizime tu swichi, chomoa. Wakishawasha washa balbu moja uiangalie dakika tano, ikiwa kali kuliko kawaida au inapanda na kushuka zima meni swichi mbio uwaite kabla hawajaondoka na gari. Ikiwa tulivu, mwambie fundi mwenye mita apime kwenye soketi, akikuta kwenye 220 hadi 240 hivi subiri kama robo saa nyingine ndo uchomeke friza, na samaki wapya usinunue siku hiyohiyo, ngoja kesho yake uone kama imetulia.